Nimechelewa Kukulilia, Mayu

Mayu,

Leo nimekulilia, mama yangu. Nimechelewa wiki tatu kamili, na najua ungeniuliza kile ulichomuuliza mke wa Shija siku aliyofika kwenye msiba wa jirani yake watu wakiwa wameshakaa: "Ulikuwa unasubiri nini, chai ipoe?" Mimi sikuwa nasubiri chai. Nitakueleza nilichokuwa nasubiri, ingawa nimekijua leo tu, na sina hakika kama nimekijua chote.

Naandika kwenye kile chumba cha juu nilichokusimulia, chenye dirisha linalotazama zizi. Ni jioni lakini jua bado lipo. Miezi hii huku Austria jua ni kama mgeni asiyejua kuaga. Chini Bibi Gerda, mwenye shamba ninakojifunzia ufugaji, anaosha ndoo za maziwa. Nasikia bomba, kisha ndoo inagongwa ukingo mara mbili ili imwage maji, kisha bomba tena. Nakuandikia hivyo kwa sababu ungeuliza. Kila Jumapili ukitoka kanisani ulipiga simu, na kabla ya kuniuliza kama nimekula ulisema, "Haya, leo kumelia nini huko?"

Sikumbuki tulianzaje. Nadhani ni ile wiki yangu ya kwanza, nilipokwambia kijiji hiki ni kimya mno hadi nasikia shingo yangu ikigeuka. Hukuamini. Ukasema nitoe simu dirishani usikie mwenyewe. Nikaitoa. Ng'ombe wa Bibi Gerda walikuwa wanapanda mlimani na kengele zao shingoni, na wewe ukiwa umekaa Samuye kwenye kigoda chako ukasikiliza, kisha ukasema, "Hao wanakwenda malishoni au wanapeleka bibi harusi?" Tangu hapo ikawa desturi. Ukakijua kijiji hiki kwa masikio, wewe ambaye hukuwahi kuvuka Mwanza. Ulijua saa ya kanisa inachelewa kidogo. Ulijua mbwa wa nyumba ya tatu anabweka akiwa amelala. Theluji ilipoanguka nikakwambia haina sauti hata chembe, ukauliza, "Mvua gani hiyo inayonyesha kwa siri?"

Nawe ulinirudishia. Ulitoa simu uani nikasikia mchi, kanga wa jirani, mashine ya kusaga ikikohoa kule barabarani, pikipiki, na watoto wakibishana Kisukuma nani amekula michembe ya nani, vile viazi vilivyokaushwa. Kaka Masanja akiwa amerudi kutoka Geita ulimpa simu, naye akanipigia kelele kama kawaida yake, maana miaka yote aliyofanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, imemla masikio. Ulikuwa unamwambia, "Punguza, Ulaya siyo ng'ambo ya mto."

Nataka nikumbuke na siku ya king'ora, kwa sababu leo imerudi kwa namna ambayo hatukuitegemea.

Ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa nafua. King'ora kikalia kutoka nyumba ya zimamoto, kirefu, kinapanda na kushuka, na mwili wangu haukuniuliza. Ulinilea hivyo. Mtoto wa Samuye akisikia mwano, ule ukelele wa kuita watu, anaacha alichoshika na kukimbilia unakotoka. Asiyekwenda ataitwa mbele ya kikao aeleze alikuwa wapi. Wewe mwenyewe hukuwahi kuwa wa pili. Nimekuona ukiacha ugali motoni kwa mwano wa msiba, ukaungua hadi sufuria ikatoboka, na uliporudi kutoka kwenye huo msiba ukatupa sufuria bila kuitazama. Basi nikakamata ndoo yangu, maji ya sabuni yakiwa humo humo, nikateremka barabarani mbio. Mama wa duka la mikate alikuwa anapanga mikate. Mtoto alikuwa anaendesha baiskeli. Hakuna aliyekimbia. Nilipofika, fundi mmoja, Toni, alikuwa juu ya ngazi na kopo la mafuta. Nikamuuliza kwa Kijerumani changu kibovu moto uko wapi. Akanitazama, akaitazama ndoo. "Hakuna moto," akasema. "Ni saa sita."

Kumbe kila Jumamosi saa sita wanakijaribu. Tangu siku hiyo Toni ananiita Zimamoto. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa, Baba akaja kukupiga mgongo. Halafu ukawa mzito ghafla. "Ulifanya vizuri, ng'wanawane, mwanangu. Afadhali uende bure kuliko uitwe usiende."

Kosa langu la pili sikukusimulia lote. Nilitamani karanga za kutwanga. Kinu hapakuwa, nikachukua sufuria nzito na mpini wa shoka, nikakaa uani nikatwanga. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Bibi Gerda alitoka na nywele zimelala upande mmoja, akanionyesha saa, akaweka kidole mdomoni. Huku Jumapili mchana ni saa ya kimya. Hawakati nyasi, hawapigi nyundo. Hakunigombeza, lakini niliona aibu kama mtu aliyepiga kelele kanisani, na wewe unajua aibu ikiniingia haitoki upesi. Tangu pale nikaanza kutembea kwa vidole. Nikajifunza kufunga mlango bila kuusikia. Nikakohoa ndani ya kiwiko.

Nikazika nao mara moja, yule mzee aliyekuwa anapeleka barua. Nilimwona mjane wake akishikana mikono na watu mmoja mmoja, anashukuru, anainamisha kichwa. Nilisikia glavu zikisuguana, kilio sikukisikia. Jioni nilipokusimulia ulisumbuka. "Sasa watu wa mbali wanajuaje kwamba kuna msiba?" Nikakwambia kuna kengele ndogo kanisani inayolizwa mtu wa kijiji akifa. Ukawaza. "Basi wameiajiri kengele iwalilie." Kisha ukasema lile ulilolisema kila mara, kwamba msiba si mali ya mtu mmoja, na ukificha msiba umewaibia majirani.

Mayu, nimefika pale ambapo sitaki kufika.

Ilikuwa Jumapili, saa yetu. Nilikuwa nimeshafungua dirisha. Simu ikaita kwa namba ya Masanja, nami nikapokea nikiwa nimeiweka mbali na sikio nisiumie. Hakupiga kelele. Aliongea polepole, kwa sauti ya mtu wa kawaida, na hapo nikajua kabla hajasema neno lenyewe. Alisema umeanguka asubuhi ukienda kuchota maji. Walikubeba, hukuamka.

Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia. Nilimsikia shangazi Kwangu kwanza, anavyovuta sauti mpaka inakatika. Kisha Mama Holo. Kisha mke wa Shija, mapema safari hii. Nikawatambua mmoja mmoja kama unavyotambua ng'ombe wako gizani. Nilisimama pale nikisikiliza, na ilinichukua muda kuelewa nafanya nini. Nilikuwa naitafuta sauti yako kati ya hizo. Wewe ndiye uliyekuwa unaanza.

Kilio kilipanda. Nakwambia kilipanda, Mayu, kilifika hapa kooni, na mdomo nikaufungua. Dirisha lilikuwa wazi. Uani jua limetulia, paka amelala juu ya kuni, ng'ambo ya barabara mama yake Toni amekaa kwenye benchi na macho yamefumbwa. Saa ya kimya. Nikaufunga mdomo. Nikachukua taulo nikaing'ata. Nikajiambia, baadaye, zizini. Kesho, nikiwa juu malishoni. Kikashuka kama tonge ambalo halijatafunwa.

Hakuna aliyenikataza. Nataka hilo lijulikane kwako. Nilijikataza mwenyewe.

Kisha Baba akachukua simu. Walikuwa wameiweka sauti ya wazi, watu wote wanasikia. Akaniuliza, "Umelia, ng'wanawane?" Nikasema, "Nimelia, Baba. Majirani wamekuja." Nilisema vizuri kabisa, bila kutetemeka. Nikamsikia akiwageukia watu: "Mmesikia. Hata huko wamekuja." Na watu wakaitikia, "Eee." Yule mtu aliyekuwa anakulilia huko Ulaya na majirani zake, niliyemtunga kwa sentensi mbili, akaingia kwenye msiba wako akakaa na wengine. Mimi nikabaki nje.

Walikuzika kesho yake. Nisingewahi. Baba akasema nisije kwa haraka, nimalize masomo kwanza kama ulivyotaka.

Wiki tatu, basi. Nimekamua asubuhi na jioni. Nimeandika ripoti yangu ya malisho, kurasa nyingi, zote sahihi. Bibi Gerda akiuliza habari za asubuhi nasema nzuri. Sauti zote za hapa zimeendelea kuja, kengele, saa inayochelewa, mbwa, na sina pa kuzipeleka. Sikujua kwamba nilikuwa nasikia kwa ajili yako. Shangazi Kwangu alinitumia ujumbe wa sauti kunifariji, na mwishoni, kama mtu anayefunga mlango, akasema, "Watu wanasema wasomi hawajui kulia. Mimi nimewaambia wewe umelia." Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mara mbili nilipanda hadi malishoni peke yangu nikajaribu. Nilisimama, nikafungua mdomo kama mwanafunzi aliyeambiwa aonyeshe meno. Ikatoka sauti nyembamba ya mwana-mbuzi. Ng'ombe wakainua vichwa, wakaona si kitu, wakarudi kwenye majani. Nikaanza kuogopa. Nilidhani labda nimekauka, labda kusoma kumenifanya kitu, labda mtu anaweza kumpenda mama yake maisha yote kisha siku ile ikamkuta hana cha kutoa. Sikufikiria jambo dogo ambalo mtoto yeyote wa Samuye analijua: kwamba mwano haupigwi mahali pasipo mtu wa kuja.

Sasa leo.

Saa ilipofika, mkono wangu ulichukua simu ukaitoa dirishani. Nakuapia sikuamua. Nilisimama nimeinyoosha nje, kioo kimezima, ng'ombe wanapita na kengele. Bibi Gerda akapita uani na beseni la maganda ya viazi, akaniona, akapaza sauti kama anavyofanya kila Jumapili tangu ulipomfundisha: "Jambo, Mama Masanja!" Kisha akasimama, beseni kiunoni, anasubiri ile sauti yako ya kumjibu, "Jambo, bibi, umepika nini leo?" Alisubiri akitabasamu. Nilimtazama tabasamu likisubiri, nikashindwa. Nikamwambia umefariki.

"Lini?"

"Wiki tatu."

Akaweka beseni chini. Nilidhani atanikumbatia, au atafanya kama wanavyofanya, mkono begani na maneno mawili ya chini. Alikasirika, Mayu. Uso ulimwiva. Akasema, wiki tatu nakusalimia asubuhi unaniambia nzuri. Wiki tatu unakula mezani kwangu, nakuchekesha na hadithi za kijinga, na mama yako yuko kaburini. "Umeninyang'anya," akasema. Neno hilo kwa Kijerumani nalijua vizuri, ni la mtu aliyeibiwa.

Nikasema nililokuwa nalo: "Ilikuwa saa ya kimya."

Akanitazama kana kwamba nimempiga kofi. Kisha akasema polepole, ili nielewe kila neno: "Kimya kile ni cha mashine za kukatia nyasi. Na cha sufuria. Siyo cha mama."

Akaanza kutembea, na aproni yake, na mabuti ya zizini, hadi kwa mtunza kanisa, mimi nyuma yake. Mzee yule alikuwa anakula keki. Bibi Gerda akamwambia alize kengele ndogo. Mzee akasema ni ya wanakijiji. Bibi akamjibu, "Mwanaye anakamua ng'ombe wangu. Na maziwa yake wewe unayanywa." Mzee akaifikiria keki yake kidogo. Kisha akafuta midomo, akachukua funguo, akauliza jina. Nikasema Minza. Akalirudia mara mbili njiani ili asilipoteze.

Ungeipenda hiyo kengele. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, sauti yake kama kijiko kwenye bilauri. Ililia katikati ya saa ya kimya, ikasikika kila mahali. Milango ikafunguka. Mama yake Toni akainuka kwenye benchi. Toni akatoka na soksi bila viatu. Mama wa mikate, na wazee wawili nisiowajua vizuri. Hawakuniuliza mimi. Walimuuliza Bibi Gerda, "Nani?" Naye akajibu, "Mama yake Kabula. Minza, wa Samuye." Alilitaja Samuye kama kijiji cha nyuma ya kilima kile, ambako mtu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya kukamua.

Kengele ikanyamaza. Na mimi nikalia.

Sitakueleza nililiaje. Nitakwambia tu kwamba ilikuwa sauti yako. Niliisikia ikitoka nikashangaa imepitaje, ule mkato wako wa katikati, ule mwisho unaopanda. Nilipiga magoti kwenye kokoto za kanisa. Mbwa wa nyumba ya tatu aliamka kweli leo. Hapakuwa na mwanamke wa kuipokea sauti na kuivuta mbele kama inavyofanyika kwetu. Ilikwenda peke yake hadi mlimani, mlima ukaitikia mara moja, basi. Hakuna aliyeweka kidole mdomoni. Bibi Gerda hakujua afanye nini na mikono yake, akashika pindo la khanga yangu, akalishikilia kama mtu anayemsaidia mwenzake kukunja shuka.

Halafu walikuja nyumbani. Walikaa uani juu ya kuni na kwenye benchi. Kukaa wanajua, Mayu, kuliko nilivyowadhania. Mama wa mikate alileta mkate. Mtunza kanisa alileta keki iliyobaki. Toni akaniambia, "Wewe ulikuja na ndoo kabla ya moto. Sisi ndio tumechelewa." Baada ya kama saa moja ikafika saa ya kukamua wakainuka mmoja mmoja, kwa sababu ng'ombe hawafiwi. Ungesema huo si msiba, ni kujikinga mvua barazani kwa mtu. Lakini Toni alibaki, akakamua upande wangu wote, na soksi zake.

Kisha nikampigia Baba. Nikamwambia ukweli, kwamba ile siku nilidanganya, sikulia, hapakuja mtu, na kwamba kilio chenyewe ni cha leo. Nikasikia kanga wakigombana uani. Mwishowe akasema, "Nilijua. Mtu aliyelia huongea kama ana mafua. Wewe uliongea kama mtangazaji wa redio."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia watu.

"Ulitaka nikuache nje?" akasema. Kisha akasema, "Leo una mafua." Na yeye pia alikuwa nayo.

Bibi Gerda amemaliza ndoo. Sasa kuna kile kimya cha hapa, na kwa mara ya kwanza hakinibani. Kinanikumbusha wewe ukisikiliza simu bila kusema neno, nikidhani imekatika, kumbe upo.

Nitarudi kiangazi, pamba ikiwa imeshavunwa. Sitakuja na teksi hadi mlangoni kama Masanja anavyotaka. Nitashuka pale kwenye mashine ya kusaga na kuanzia hapo, kama anavyopaswa mtu aliyekuta msiba umepita, nipaze sauti njia nzima hadi kaburini, atakayetazama atazame, na shangazi Kwangu asikie kwa masikio yake. Na msiba mwingine ukinikuta popote, wa kwangu au wa jirani, sitaufungia chumbani tena. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mayu. Najua utakaponisikia kule barabarani utataka kuinuka, utaacha chochote ulichoshika. Usiinuke. Safari hii anayekuja ni mimi.

Mwanao,
Kabula